Nilivyompikia mama uji wa chumvi hadi akarudiwa na hamu ya kula

Mama yangu, ambaye ninaishi naye hapa Tanga, aling'olewa meno karibu yote yaliyokuwa yamesalia, na katika kipindi chote cha kungojea meno ya bandia hakuweza kutafuna chochote. Kama ilivyo desturi yetu, tulimpikia uji wa ulezi wenye maziwa na sukari, asubuhi na jioni, mpaka akaanza kurudisha bakuli likiwa nusu. Nilipombembeleza amalize, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, uji mtamu nimeukinai. Nipe chakula." Hapo nilielewa kwamba alichokosa ni ladha ya mlo, yaani chumvi, mchuzi, kitunguu na samaki, na nikaanza kutafuta namna watu wa nchi nyingine wanavyoufanya uji kuwa chakula kamili.

Nilianza na Wachina wa kusini, wa upande wa Guangdong, ambao uji wao wa mchele hautiwi sukari, huliwa asubuhi na watu wazima wenye afya na pia hupewa wagonjwa. Kipimo chao ni takriban kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 10 vya maji. Nilinunua chenga za mchele, kwa sababu bei yake ni nafuu na hulainika upesi kuliko punje nzima, nikaziloweka kwa chumvi na mafuta kidogo huku mifupa ya kuku ikichemka pamoja na vipande vya tangawizi. Supu ilipokuwa tayari niliichuja, nikairudisha jikoni, nikatia mchele, kisha nikapunguza makaa na kuacha mfuniko wazi kidogo, maana uji wa namna hii hufura na kumwagika ghafla. Uliendelea kutokota kwa zaidi ya saa nzima. Mwishoni niliukoroga kwa nguvu, punje zikasagikana, wanga wake ukauzidisha uzito bila kuhitaji unga hata kijiko. Nikaongeza minofu ya nguru iliyokatwa vipande vyembamba sana na kukaguliwa miiba, nikafunika hadi samaki akaiva kabisa, kisha nikanyunyiza majani ya vitunguu na pilipili manga. Mama alikula akaomba aongezewe, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda mrefu.

Nilijaribu pia uji wa oti kwa namna ya Waskoti. Kwao mapishi ya asili ni oti, maji na chumvi tu, na katika kijiji cha Carrbridge hufanyika mashindano ya kupika uji huo tangu mwaka 1994. Ninauheshimu kwa usafi wa ladha yake, lakini mama aliuona mkavu wa ladha bila mchuzi, nami sikumlazimisha.

Kilichotufaa zaidi kilikuwa karibu nasi siku zote, nacho ni bokoboko, ambalo watu wa pwani tunalipika kwenye sikukuu na harusi bila kulihesabu kuwa katika ukoo wa uji. Asili yake ni harisi ya Waarabu, ambayo Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu ziliiingiza kwa pamoja katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023. Nililoweka ngano iliyokobolewa usiku kucha, nikaichemsha pamoja na kuku, kijiti cha mdalasini na chumvi kwa moto mdogo, nikiongeza maji ya moto kila ilipokauka, mpaka nyama ikaachana na mifupa. Baada ya kuitoa mifupa yote, hata ile midogo ya shingo, niliiponda kwa mwiko sufuriani hadi ngano na nyama zikawa kitu kimoja kinachovutika. Kwa kawaida juu huwekwa vitunguu vilivyokaangwa kwa samli. Kwa ajili ya fizi zake nilivichuja nikammiminia samli yenyewe, ambayo tayari ilikuwa imebeba harufu yote ya vitunguu.

Tangu hapo ratiba ilijipanga: uji wa mchele siku za kawaida, na bokoboko siku ya Ijumaa, kwa sababu kuliponda kunahitaji watu wawili na ndipo dada yangu huwa nyumbani. Kiporo cha uji wa mchele huganda kikipoa, hivyo huwa ninabakiza supu kikombe kimoja ya kukilegezea wakati wa kukipasha.