Tui la kwanza huingia la mwisho

Ukitaka kuona watu wa Dar wakibishana kwa raha, taja wali wa nazi. Mmoja anautaka umechambuka, punje haigusi punje. Mwingine anautaka ushikane kidogo ili umegeke vizuri kwa vidole. Wa tatu hana haja na wali wenyewe, anasubiri ukoko. Mkimaliza hapo mnahamia kwenye kisamvu: wa pwani anasema nazi, wa bara anasema karanga, na yupo anayetia vyote viwili. Ubishi huo hauishi na usiishe, maana kila mtu na ulimi wake. Ila wote hao, ukiwapa chakula ambacho tui lake limekatika, yaani mafuta yamejitenga na maji, watasukuma sahani. Kwa hiyo kabla ya kusema kipi kitamu kuliko kipi, tuanze na tui.

Kwanza nazi yenyewe. Ishike mkononi uone kama ina uzito, kisha itikise karibu na sikio. Isiyotoa sauti ya maji mara nyingi imepasuka au imekauka, na ya kupasuka ndani huwa imeshaanza kuvunda. Tazama macho yake matatu: yawe makavu, yasiwe na ukungu wala unyevu. Ukiipasua ukakuta kitu cheupe laini kama sponji kimejaa katikati, hilo ni joya. Wengine hulila hivyo hivyo kwa utamu wake, lakini usitegemee nazi hiyo kwa tui, kwa kuwa chipukizi limeshaanza kula mafuta ya nyama yake. Pasua kila nazi juu ya bakuli lake na uonje maji kabla ya kuchanganya na nyingine. Nazi mbovu harabu ya nzima, na kwenye tui maneno hayo ni ya kweli neno kwa neno: moja iliyochacha inatosha kuharibu sufuria zima.

Ukikuna kwa mbuzi, ishia pale nyama nyeupe inapokwisha. Ile ngozi ya kahawia ikiingia, tui linakuwa la kijivu na lina uchungu kwa mbali. Anayetumia blenda aimenye kabisa ngozi hiyo, akate vipande vidogo, na asiiache mashine izunguke muda mrefu, kwa sababu inapata joto na mafuta yanaanza kujitenga humo humo. Nazi ya kukunwa sokoni inafaa kama imekunwa mbele yako. Iliyokaa kwenye mfuko tangu asubuhi, kwa joto la jiji hili, ikifika saa kumi jioni inanusa uchachu.

Maji ya kukamulia yawe vuguvugu, kiasi ambacho mkono unavumilia bila kushtuka. Maji ya friji yanagandisha mafuta ya nazi, nayo yanabaki kwenye machicha badala ya kutoka. Maji yanayochemka nayo yanaivisha protini ya nazi, na tui linatoka na vipande vipande. Kwa nazi moja kubwa tia kikombe kimoja cha maji (naposema kikombe ni kile cha robo lita), finya kwa mkono dakika mbili tatu, kisha kamua kwenye kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui la kwanza, zito. Wazee wa pwani huliita kasimile. Liweke pembeni na lisiguswe. Rudia kwa vikombe viwili au vitatu vya maji upate tui la pili, jepesi. Machicha yakibaki makavu na hayana utamu ukiyatafuna, umemaliza kazi.

Kosa kubwa la jikoni ni kuyachanganya matui haya mawili. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kinachoyashikilia yasijikusanye ni protini ya nazi. Moto mkali wa muda mrefu unaivunja protini hiyo, na ukali wa limau, ukwaju au nyanya mbichi unaharakisha. Ikivunjika, mafuta yanapanda juu na chini yanabaki maji yenye punje punje kama maziwa yaliyoganda vibaya. Ndiyo sababu tui jepesi, ambalo halina mafuta mengi ya kupoteza, ndilo linalopewa kazi ya kuivisha. Tui zito linaingia mwisho, linakorogwa kwa mwiko kuelekea upande mmoja, sufuria iko wazi, mpaka litokote taratibu dakika tano hadi kumi. Usifunike kabla halijachemka. Ukifunika, joto linapanda ghafla na hakuna anayekoroga.

Sasa wali. Kilo moja ya mchele ni kama vikombe vitano, na inataka nazi mbili. Mchele wa Kyela unanukia vizuri na unalingana sana na nazi, lakini uliza kama ni mpya au wa msimu uliopita. Mchele mpya una unyevu wake, unatosheka na vikombe saba vya tui kwa jumla. Wa zamani unakunywa vinane. Kwa mchele mpya, kamua vikombe viwili vya tui zito, na lililobaki, yaani vikombe vitano, liwe jepesi. Chemsha tui jepesi na chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, ukikoroga mpaka lichemke, ndipo utie mchele uliochambuliwa na kuoshwa. Likikaribia kukauka na juu ya mchele ukaona vishimo vishimo, mimina tui zito, geuza mara moja tu kuanzia chini, funika, punguza mkaa wa chini na upalie makaa machache juu ya mfuniko. Robo saa, usifunue.

Kwa nini usitie tui lote mara moja, kama wafanyavyo wengi wenye haraka? Ukifanya hivyo, ile sukari ya nazi inashika chini ya sufuria tangu mwanzo, inaungua kabla mchele haujaiva, na wali wote unanuka moshi. Anayetumia gesi ana shida nyingine: moto wa juu hana. Aweke bamba la chuma au kikaango kizee chini ya sufuria, moto wa chini kabisa, na afunike kwa karatasi ya foili kabla ya mfuniko ili mvuke usitoroke. Wali ukiwa na kiini kigumu ilhali umekauka, nyunyizia tui jepesi la moto, nusu kikombe, ufunike tena dakika tano. Ukiwa bokoboko hakuna dawa, ila funua sufuria mvuke utoke na usiukoroge, maana kila ukikoroga unazidi kuuponda.

Hapa naingia kwenye ubishi: wali wa nazi ninaoutetea ni ule unaoshikana kidogo. Wa kuchambuka sana ni sifa ya pilau. Wali wa nazi uliochambuka kabisa mara nyingi umenyimwa tui zito, na ulimi unalijua hilo hata kama jicho limeridhika.

Kisamvu kinahitaji uangalifu wa pekee, na si kwa ladha tu. Jani la muhogo bichi lina sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake. Kulitwanga kwenye kinu kunalivunja na kuifungua sumu, kisha kuchemsha kunaitoa kama mvuke. Basi kitwange kilainike kabisa, kisha kichemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, saa moja hadi saa moja na nusu. Anayekifunika ili kiive haraka anaurudisha ndani ule mvuke unaotakiwa utoke. Kisamvu cha mpira, kile cha mti mrefu wenye majani mapana, kinapendwa sana pwani. Kinachouzwa sokoni tayari kimetwangwa kinapunguza kazi ya kinu tu, muda wa kuchemsha uko pale pale. Wengine hutia magadi ili kilainike na kubaki kijani. Ncha ya kijiko inatosha, ikizidi unakula sabuni, na vitamini C inazidi kupotea.

Kikishaiva na kukauka maji, nusu kilo ya kisamvu inataka nazi moja, kitunguu kimoja kikubwa, na ukipenda nyanya chungu tatu nne zilizopasuliwa. Tui jepesi kwanza na kitunguu, dakika ishirini. Chumvi. Kisha tui zito, moto mdogo, mpaka kikaukie na kung'ae. Wa karanga watatia kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa badala ya tui zito, na wasiondoke jikoni hata kidogo, kwa kuwa karanga hushika chini upesi kuliko nazi. Kuvitia vyote viwili pamoja naona ni kuvionea vyote viwili: karanga inafunika harufu ya nazi, na nazi inaifanya karanga iwe nzito kooni. Chagua upande. Kinachotuunganisha ni kwamba kisamvu kiporo cha kesho yake, cha nazi au cha karanga, kinakishinda cha leo. Kiporo hicho kilale kwenye friji. Kikilala mezani, asubuhi kimechacha.

Pweza ndiye anayewatia watu hofu bila sababu. Jioni ukipita kwenye meza za wauza pweza, vipande vimechomwa vijiti na supu inatoka moto kwenye vikombe, mtu anasema nyumbani hapati ulaini ule. Siri ni tatu tu. Ya kwanza, apigwe kabla ya kupikwa, au alale kwenye friza usiku mmoja, kwani barafu inakata nyuzi za nyama kama kipigo kinavyozikata. Ya pili, ukishamtoa macho, mdomo na kifuko cha wino na kumsugua utelezi kwa chumvi na kumsuuza, mtie sufuriani bila maji hata tone. Atatoa maji yake mwenyewe ya kutosha. Funika, moto wa wastani, dakika arobaini na tano hadi saa moja kwa pweza wa kilo moja na nusu, na umchome uma kwenye shina la mkono, pale penye unene. Ya tatu, usitie chumvi mpaka mwisho, maji yake tayari ni ya bahari. Ujue pia kwamba atanywea karibu nusu, kwa hiyo wa kilo moja anawatosha watu watatu, wanne wakiwa wastaarabu.

Mchuzi wake: kaanga kitunguu, punje nne za kitunguu saumu na tangawizi ya kidole kimoja, tia nyanya mbili zilizoiva na uzikaange mpaka mafuta yajitenge. Hatua hiyo usiiruke, nyanya isiyoiva ndiyo mkataji mkuu wa tui. Bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pweza aliyekatwa, tui jepesi pamoja na kikombe cha maji ya pweza, kisha tui zito kama kawaida. Limau linakamuliwa sufuria ikishaepuliwa. Ngisi usimpikie mtindo huu. Yeye ama dakika tatu, ama saa nzima, katikati hapo ni mpira.

Samaki wa kupaka ni ndugu wa mchuzi huu, tofauti ni kwamba tui linachemshwa mpaka lishike mwiko, na samaki, changu au kolekole, anachomwa kwanza kwenye mkaa upande na upande ndipo apakwe. Akipakwa mbichi, tui linadondoka lote kwenye moto na unabaki na majivu.

Kuna na upande wa sukari, ambao wageni wa pwani huushangaa: ndizi za nazi, maboga ya nazi, hata maharage ya nazi yenye sukari na hiliki, hasa jioni za Ramadhani. Kwa ndizi, tafuta mzuzu wa njano wenye madoa meusi machache. Ukiwa mweusi wote unavurugika, ukiwa mgumu unakuwa mkakasi ulimini. Ndizi sita zipasue kwa urefu, utoe ule uzi wa katikati, zipange, mimina tui jepesi vikombe viwili, sukari vijiko viwili vya chakula, hiliki punje tano zilizopondwa na chumvi kidogo sana. Zikilainika, tui zito. Usiingize mwiko, tikisa sufuria kwa masikio yake.

Tui la unga na la paketi linafaa kwa siku ya haraka. Mengi ya unga yametiwa vitu vya kushikilia mafuta yasijitenge, ndiyo maana hayakatiki ovyo, lakini kwenye wali harufu yake ni hafifu. Kwenye kisamvu tofauti ni ndogo zaidi.

Narudi kwa yule aliyekuwa anasubiri ukoko, maana naye ana haki yake. Ukoko mzuri una rangi ya dhahabu, na unapatikana kwenye sufuria nzito, kwa kuacha makaa mawili matatu chini dakika tano zaidi baada ya wali kuiva. Ukinusa karanga za kukaangwa, epua. Ukinusa moshi, umechelewa. Pakua wali wote kwanza, bandua ukoko kwa ncha ya mwiko ukiwa bado wa moto, na ugawe hapo hapo, kwa sababu ukipoa unashika sufuria na hautoki bila kulowekwa.