Kuhesabu Majani ya Kitunguu Saumu

Kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikiingia bustanini kila asubuhi, kabla jua halijapasha moto mawe ya huku Bwiru, kuhesabu majani ya vitunguu saumu nilivyopanda mwishoni mwa Aprili. Nahesabu mabichi tu. Leo miche mingi ina matano au sita, na yale matatu au manne ya chini yamekauka hadi yamekuwa na rangi ya nyasi za kuezekea. Kesho nitavuna.

Kitunguu saumu hukomaa kikiwa kimejificha ardhini, na kinachoonekana juu ni majani peke yake, lakini majani hayo yanasema mengi kuliko nilivyodhani nilipoanza. Kila jani linaanzia chini kabisa, kwenye kitako, na sehemu yake ya chini hukizunguka kitunguu na kuwa ganda lake moja. Jani likikauka juu, ganda lake nalo huanza kuchakaa ndani ya udongo. Kwa hiyo anayehesabu majani mabichi anahesabu maganda mazima yaliyobaki kuzifunika punje, na maganda hayo ndiyo yatakayokilinda kitunguu kwa miezi kadhaa jikoni.

Mwaka wa kwanza sikulijua hilo, nikavuna mapema. Nilipokikata kimoja, ndani kilikuwa laini na kimeshikamana karibu kama kitunguu maji, mipaka ya punje ikionekana kwa shida, na ganda lake lilikuwa nene na lenye maji. Vyote vilisinyaa ndani ya muda mfupi. Mwaka uliofuata nilikosea upande wa pili, kwa kufuata kanuni ya kitunguu maji, ambacho huvunwa shingo ikilegea na majani yakilala. Nilisubiri majani yote yakauke. Nilipovuta, shina lilibaki mkononi na kitunguu kikabaki ardhini. Nilipokifukua nikakuta maganda yamepasuka, punje zimeachana kama vidole vilivyokunjuliwa, na udongo umeingia katikati yake. Mwezi haukuisha kabla ukungu haujavimaliza.

Aliyenielekeza ni mama mmoja anayeuza viungo sokoni Kirumba, ambaye mzigo wake hutoka Mbulu na ndiye aliyeniuzia mbegu. Nilimwamkia, nikamweleza yaliyonipata, naye akachukua kichwa kimoja, akakibonyeza kwa dole gumba na kunionyesha jinsi ganda lilivyokaza. “Usingoje yote yakauke, mwanangu,” aliniambia. “Ukiona yamebaki matano mabichi, kamata jembe.”

Tangu hapo sitegemei kalenda. Inasaidia kujua kwamba zao hili huchukua kati ya miezi minne na sita, lakini maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya huzungumzia siku ndefu za kiangazi, ilhali hapa Mwanza, karibu na ikweta, urefu wa mchana hautofautiani hata nusu saa mwaka mzima. Tena kitunguu saumu kinahitaji baridi ili kigawanyike punje, na kandokando ya ziwa baridi hiyo ni haba. Ndiyo maana mbegu zangu huziweka kwenye friji wiki kadhaa kabla ya kupanda. Hata hivyo vingine hutoka vikiwa duara, punje moja tu, na vinalika vizuri.

Kabla ya kuvuna vyote mimi huchimbua kimoja na kukikata katikati kwa upana. Punje zikiwa zimejaa ndani ya maganda yake na kila moja imejitenga wazi na mwenzake, muda umefika. Zisipokuwa hivyo, navipa wiki nyingine. Kumwagilia nilishaacha siku kumi zilizopita, kwa kuwa udongo wangu ni wa kichanga na haukai na maji. Mwenye shamba la udongo mweusi wa mbuga, ninavyoona mimi, aache mapema zaidi. Na mawingu yakianza kujikusanya juu ya ziwa kabla ya vuli, ni afadhali kuvuna vikiwa na majani sita au saba mabichi kuliko kuviacha vinyeshewe vikiwa vimekomaa, kwa sababu maji hutia maganda madoa na kuyaozesha.

Nikivuna silivuti shina. Nalegeza udongo kwa jembe dogo, mbali kidogo na mche, kisha nakinyanyua kwa mkono. Udongo naupangusa kwa vidole bila kuvigonganisha, maana jeraha dogo ndipo uozo unapoanzia, na siviloweshi kamwe. Dagaa wetu huanikwa juani, lakini hivi vinataka kivuli chenye upepo: mimi hutandaza kwenye kichanja barazani, majani yakiwa bado yameshikana na kitunguu, kwa wiki mbili au tatu, hadi shingo ikikatwa isiwe na unyevu wowote.

Nitaanzia na tuta lililo chini ya mwamba, ambapo joto la jiwe limeyakausha majani mapema kuliko kwingine. Yale ya kwenye kivuli cha mpapai bado yana majani saba mabichi, na hayo nitayaacha hadi wiki ijayo.