Dumu la Mawese Hadi Buhingu

Tulivuka Malagarasi kwa pantoni pale Ilagala, mimi na mdogo wangu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Kutoka mjini Kigoma mpaka hapo sina la kusimulia. Habari ilianza tulipoipita Sunuka na kuingia vilima vya Masito. Tulikuwa tunaelekea Buhingu. Wengi wakitajiwa Kalya au Buhingu, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, hufikiria boti, nami siwalaumu, ila apitaye ziwani haioni migongo ya nchi hii.

Masika yalikuwa ndiyo kwanza yameisha. Mlima wa tatu tuliukuta umepasuka: korongo lenye kina cha kiuno limekula nusu ya njia. Nikazima gari. Njia ya namna hiyo huisomi ukiwa kwenye usukani. Unaipanda kwa miguu, unatazama tairi la kushoto litakanyaga wapi, jiwe lipi limekaa imara na lipi linacheza.

Tukiwa tumeinama pale, mzee mmoja akatokea shambani na jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hapo mkienda kwa pupa, gari linalala."

Hakungoja kuombwa. Alianza kuukata ukingo wa korongo kwa jembe, taratibu, na sisi tukabeba mawe na kuyapanga alikotuonyesha, yale makubwa chini, madogo yakiziba mianya. Ilituchukua karibu saa nzima. Kisha nikapunguza upepo kwenye tairi ili zishike vizuri, nikaingiza fo-wili ya chini, ile inayozungusha magurudumu yote manne kwa nguvu na polepole, gia ya kwanza, nikauondoa mguu kwenye klachi. Gari likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mzee alikuwa mbele akirudi kinyumenyume, mikono juu: "Kushoto! Kushoto tena! Njoo, njoo..." Tairi la nyuma la kulia lilininginia hewani kidogo, nikahisi moyo umesimama, kisha likagusa jiwe alilolipanga yeye mwenyewe.

Pesa alikataa. "Nichukulieni hili, mumfikishie binti yangu Buhingu." Lilikuwa dumu la mawese la lita 5, mfuniko umezibwa kwa kipande cha nailoni. Mdogo wangu akalibana katikati ya miguu yake, na tangu hapo kila shimo nililiendea kama nimebeba mgonjwa.

Kileleni tulishuka tukakaa kimya. Ziwa Tanganyika lilikuwa chini yetu, na ng'ambo milima ya Kongo kama moshi. Uso wa ziwa hilo uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, lakini kina chake kinafika mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake iko chini kabisa ya usawa wa bahari. Ukiwa umesimama juu ya mlima, jambo hilo linakuingia mwilini.

Karibu na barabara, kwenye miti ya miombo, mdogo wangu akaniita nione viota vya sokwe: matawi yaliyokunjwa na kufumwa, kimoja majani yake bado mabichi. Sokwe hutandika kiota kipya kila jioni. Watu huwataja wa Gombe na Mahale tu, kumbe wapo na huku nje ya hifadhi. Hatua chache mbele mteremko mzima ulikuwa umefyekwa na kuchomwa, visiki bado vyeusi. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, injini ndiyo ilizuie gari, maana breki ukizikalia zinapata moto na zinakuacha ukizihitaji. Mbele yetu, kusini, kilele cha Nkungwe, mita 2,462, kilikuwa kimejifunika wingu.

Buhingu tulifika magharibi. Binti wa mzee alilipokea dumu kwa mikono miwili, akalipapasa mfuniko, akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa vikavu.

"Mmepita mlimani kwa baba?" akauliza, akatukaribisha ndani.