Nilivyopata kibali cha kupanua kilima cha theluji Vermont, na ushauri niliokataa kuufuata

Mimi si mwanasheria wala mtu wa mazingira. Ni fundi pampu, mzaliwa wa Tanga, riziki ikanipeleka kwenye kilima kidogo cha kutelezea theluji huko Vermont, Marekani. Tajiri alipotaka kuongeza njia mbili za kutelezea, taa za usiku na mitambo zaidi ya kutengeneza theluji, alitazama ofisini akaona mimi ndiye pekee ninayeweza kusoma mchoro na kuandika barua bila kumtukana mtu. Nikakabidhiwa faili.

Ushauri ukaanza kumiminika. Mtaalamu mmoja anayelipwa kwa saa akasema tuukate mradi vipande vipande, kila kipande kipite kimyakimya. Upuuzi. Vermont wana sheria wanayoiita Act 250, ya mwaka 1970, enzi za gavana Deane Davis, barabara kuu zilipofika na nyumba za mapumziko za watu wa mijini zikaanza kuvamia milima na kuacha maji machafu yakijiendea. Ardhi ikishaingia kwenye sheria hiyo ndiyo imeingia. Kibali kinakaa na ardhi, hata mwenye mali akibadilika, na ukitaka kugeuza jambo lolote kubwa unarudi kuomba upya. Kilima chetu kilikuwa na kibali tangu zamani, kwa hiyo ujanja wa vipande ungetupeleka mahakamani tu.

Maombi yanakwenda kwenye tume ya wilaya yenye raia watatu, na wanakupima kwa vigezo 10: maji, hewa, mmomonyoko, magari barabarani, shule, huduma za mji, na kadhalika. Barua ya zimamoto niliipata kirahisi, mkuu wao ana gereji na nilimkuta chini ya gari la mtu. Kigezo cha nane ndicho kilichonichekesha: kinafika mpaka kwenye uzuri wa mandhari, kuuliza kama mradi utamkera mtu wa kawaida akiutazama. Nikaambiwa nithibitishe kwamba taa zangu hazitamkera huyo mtu wa kawaida, ambaye hana jina wala anwani. Zifungwe kofia, mwanga ushuke chini, usimwagike angani. Yakaisha.

Maji hayakuisha hivyo. Theluji ya mashine ni maji ya kijito yaliyorushwa hewani kwenye baridi, na Vermont huruhusiwi kukikausha kijito cha watu. Kipimo chao ni mtiririko wa kati wa mwezi wa Februari, yaani maji yanayopita kijitoni Februari ya kawaida: maji yakishuka kufikia hapo, pampu inazimwa, hata kama wateja wameshalipia wikendi. Samaki wa vijito vile hutaga vuli, na mayai hulala kwenye kokoto majira yote ya baridi. Mimi mtu wa pampu nilielewa haraka kwamba dawa ni bwawa: unavuta maji yakiwa mengi, unahifadhi, unatumia yakipungua. Ila sehemu tambarare kando ya kijito, pazuri pa kuchimba bwawa, ndipo hapohapo Waabenaki wa kale, wenyeji asilia wa huko, wangependa kupiga kambi. Wataalamu wa mambo ya kale wakaja kuchimba vishimo vyao kwanza. Na ardhi ikiganda hakuna anayechimba. Wa ardhi oevu naye anataka aone mimea ikiwa hai. Ukikosa majira ya joto umekosa mwaka. Hilo hakuna aliyeniambia, na wote walikuwa wanalijua.

Kisha dubu. Afisa wa wanyamapori wa jimbo alitaka kujua kama njia mpya inapita kwenye miti ya gome laini la kijivu ambayo njugu zake dubu mweusi hula vuli kujinenepesha. Nenda majani yakishadondoka, shina linaonekana lote. Nilipanda na mwenzangu wa kazi, Mkongomani anayeishi mji wa Winooski. Alama za kucha zake tulizikuta: vidoa vyeusi vimejipanga vitanovitano mpaka juu kwenye matawi, kama mtu aliyechoma unga wa chapati kwa uma. Mwenzangu akashika shina, akatazama juu, akaniuliza, "Mukubwa, huyu nyama anapandaka juu ya muti?" Kuanzia hapo alitembea katikati, mimi mbele. Tulipinda njia kuikwepa miti ile. Tajiri mpaka leo ananung'unikia kona hiyo.

Sasa niwasimulie jambo ninalojivunia. Kando ya kilima anaishi bibi mmoja anayegema utomvu wa miti ya mepo na kuuchemsha mpaka uwe shira. Majirani wanaopakana nawe lazima uwaorodheshe kwenye maombi, na bibi kama huyu akitambuliwa kuwa ana maslahi ya moja kwa moja, anaweza kukufuata mpaka mahakama ya mazingira. Yule mtaalamu wa saa akasema, "Usiongee naye mpaka siku ya kikao." Nikamwitikia vizuri. Usiku wa baridi kali nikabisha hodi kwa bibi.

Nilimwomba tukae jikoni kwake, dirisha likielekea mlimani, simu mkononi. Nikampigia Mkongomani awashe mzinga wetu wa zamani wa kurushia theluji, ule unaokula hewa ya kompresa. Ukanguruma mpaka vikombe kabatini vikalia. Bibi akanitazama tu. Nikamwambia ndio huo anaousikia miaka yote. Ukazimwa, ukawashwa wa feni, wa kisasa. Kimya kidogo, kisha bibi akauliza, "Mmeshawasha?" Mkongomani akaugeuza nyuma ya safu ya misonobari, tukaanza kusikia saa ya ukutani. Ningeanza na ule mpya angesema una kelele. Mpangilio ndio ujanja wenyewe.

Alichukua katalogi ya mbegu, akaandika mgongoni anachotaka: mizinga ya upande wake isiwashwe usiku mnene, taa zizimwe mapema, malori yasipite njia yake wakati wa kugema. Niliyaingiza yote kwenye maombi kama mapendekezo yetu wenyewe. Kikaoni tume ilimuuliza kama ana pingamizi, akajibu kwamba ameshaongea na fundi.

Gharama msiniulize sana. Ada ya serikali inahesabiwa kutokana na gharama ya ujenzi na inavumilika. Wanaokumaliza ni wataalamu, kila mmoja na ripoti yake nene, na yule wa saa alitulipisha hata kwa simu ya kutukataza kwenda kwa bibi.

Kibali kilitoka na masharti yake, likiwemo la kuandika kila msimu maji tuliyovuta kijitoni. Kujaza kitabu hicho nimeachiwa mimi, maana fundi ndiye anayejua pampu.