Bibi kasema "haya"

Ukitaka makubwa ya wiki hii, kaka kapeleka barua ya posa na imepokelewa, Mama kahama fremu kule Kariakoo, na mimi mtihani wa sheria za anga nimefaulu. Ila tangu Jumapili nalala na kuamka na neno moja la Bibi.

Tulikuwa uani. Yeye na ungo wake wa mchele, mimi na lile faili langu la kijani la karatasi za leseni ya urubani, linalonenepa kila nikirudi kutoka ofisini kwa watu. Akaniuliza natafuta nini humo. Nikamwambia bado nasubiri barua ya uthibitisho kutoka Sauzi, maana wa kule lazima wawaambie wa huku kwamba leseni yangu si ya kuchonga. Ikifika, na daktari wa marubani akishanipima upya macho, masikio na moyo, nitaruka na mkaguzi aone kwa macho yake kama kweli najua. Bibi akasimamisha vidole juu ya mchele.

"Mume wangu, kwani hewa ya kule si ndiyo hii hii? Wanakupima upya kwa lipi?"

Na mimi, msomi wa ukoo, nikajibu, "Bibi, haya mambo huwezi kuyaelewa."

"Haya."

Basi. Akarudi kwenye ungo wake. Angekasirika ningeona nafuu, kwa sababu Bibi akikasirika anakutukana Kizaramo kisha anakumiminia chai. Hii ilikuwa ile haya unayomwambia konda aliyekujibu hana chenji. Umeshuka kituoni, gari limeondoka, mia tano yako imekwenda nalo.

Kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe lilikuwa jepesi. Ningeweza kumwambia leseni inafuata ndege. Za Sauzi nyingi nilizorusha zimeandikwa ZS ubavuni, zetu zinaandikwa 5H, na tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 nchi iliyoisajili ndege ndiyo inayompa rubani wake leseni, au inayoikubali ya mwenzake. Mimi nataka kurusha za 5H, kwa hiyo wenye 5H wajiridhishe. Dakika mbili tu. Mtu aliyeuza korosho za Mkuranga umri wake wote, anayejua mzani wa ghala hili hauaminiki ghala lile, angenielewa hata sijamaliza. Na korosho hizohizo, kwa mliosahau, ndizo zilizolipia saa zangu za kuruka usiku.

Nimelirudia jibu hilo kwenye daladala, bafuni, kwenye foleni ya kutoa kopi. Kila nikilirudia linanoga zaidi. Juzi nimelitoa zima mbele ya kioo, na mifano.

Alhamisi nikakaa nijiandae kwa ajili ya mkaguzi, nikaanza hesabu za kupaa, zile za kujua ndege itakula urefu gani wa barabara kabla haijaachia ardhi. Lanseria, nilikosomea, uwanja uko futi 4,500 na kitu juu ya bahari. Siku ya nyuzi 30, ndege inajiona kama iko zaidi ya futi 7,000. Cessna 172 yetu ilikuwa inakokota mpaka unaanza kusoma dua, na tukiwa watatu mwalimu alikuwa hataki kabisa tujaze mafuta. Nikaweka namba za hapa. Uwanja wa Nyerere, futi 182. Nyuzi 32. Hapa ndege inajiona kama iko futi 2,300 tu.

Nikaweka kalamu chini. Hewa ya kule siyo hii hii! Bibi aliuliza kitu ambacho rubani yeyote mwenye akili anakiuliza kabla ya kuwasha injini, na mimi nikamjibu kama mlinzi wa geti.

Nikamfuata jikoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Barua imekuja?"

"Bado. Nimekuja kwa lile swali lako la hewa."

Nikamweleza kwamba ya kule juu ni nyepesi, ya Dar nzito, huku bawa linapata cha kushika na injini inapata cha kuvuta. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mwiko mkononi.

"Kumbe kama Njombe," akasema. "Babu yako alipohamishiwa kule, maharage nilikuwa nabandika adhuhuri, yanaiva watu wameshalala. Nikadhani kuni mbovu. Mwalimu mmoja wa pale akaniambia ni hewa, kule nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha." Akanigeukia. "Sasa hilo ndilo nisingelielewa?"

Nilicheka mpaka Mama Mdogo akatoka chumbani kuona kuna nini. Bibi naye akacheka, akanigonga kichwani na ule mwiko, wenye mchuzi. Usiku huo nililala kama mtoto, faili sikulifungua.

Barua bado, msiniulize.

Ila leo mchana kwenye wali nimetafuna mawe matatu. Kaka mawili. Mama akayaondoa ya kwake kimyakimya, akayafunika na mfupa wa samaki pembeni ya sahani. Mchele kauchambua Bibi mwenyewe, na mimi kwenye wali wa Bibi sijawahi kukuta jiwe tangu nizaliwe. Ndiyo nikakumbuka siku hizi ungo anausogeza karibu kabisa na uso. Nimemuuliza Mama kama ile kliniki ya macho ya mwaka jana walikwenda. Kasema walikwenda. Nimemuuliza Bibi. Kasema Mama ndiye aliyesema wangoje kwanza posa ya kaka ipite.