Gari dogo la kusafiria na kulala: tulivyolipata sisi wa Moshi

Mume wangu, Baba Neema, alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka 2021, na tangu siku hiyo safari zetu zinaongozwa na agizo moja la daktari: asikae kitako zaidi ya saa mbili bila kunyoosha mgongo. Kunyoosha kwenyewe ni kulala chali mahali tambarare, robo saa au zaidi. Kwenye basi haiwezekani. Tulijaribu mara moja kwenda Tanga kwa basi. Tulipofika Mombo alishuka amejishika kiuno kwa mikono miwili, uso umemkunjamana, na nikajua habari za basi kwetu zimeisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Dada yangu ameolewa Lushoto, Neema anafanya kazi Dodoma, na likizo za Juni na Desemba ndizo nafasi zetu za kuonana na watu wetu. Kwa hiyo tulihitaji gari ambalo mgonjwa anaweza kujilaza wakati wowote, ambalo tukikutwa na usiku tunalala humo bila kuhangaika na gesti, na ambalo mshahara wa mwalimu unaweza kulijaza mafuta. Mahitaji hayo yanavutana. Gari linalolaza watu vizuri mara nyingi linakunywa sana, na linalobana mafuta mara nyingi linabana na watu. Kutafuta kulituchukua miezi mitano.

Kila tuliyemuuliza alitaja HiAce. Ni kweli nafasi ipo, unaweza kuweka kitanda na bado ukapata pa kupikia. Lakini HiAce ina springi za mabamba nyuma, zile zilizotengenezwa kubeba mzigo, na ikiwa tupu inarusha. Shemeji alituazima yake tukaenda Himo na kurudi, Baba Neema amekaa nyuma. Kwenye matuta ya pale njiani nilimsikia akivuta pumzi kila mara. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama Neema, hili ni la mtu mwenye mgongo mzima." Isitoshe, nyingi tulizoziona zilikuwa na injini ya dizeli ya zaidi ya cc 2000, na injini ikivuka hapo ushuru unapanda, kwa hiyo unaanza kulipa zaidi kabla hujafika hata kwenye kituo cha mafuta.

Noah tuliitazama kwa sababu huku kila fundi anaifahamu. Ile ya zamani yenye injini ya 3S ukiharibikiwa nayo hata Same utapata mtu na spea. Binamu yangu alituachia yake wiki nzima. Tulilaza viti vyote, nikatandika godoro, na Baba Neema akajilaza. Viti vya Noah ukivilaza vinatengeneza mawimbi: kuna bonde kiunoni na mlima mabegani, yaani kinyume kabisa na alichoagiza daktari. Mafuta nayo, kwa kipimo changu, ilikuwa kilomita 8.7 kwa lita. Noah za baadaye, zenye injini ya D4, fundi wetu alitukataza. Mzee huyu ametengeneza magari tangu mimi niko shule ya msingi, nikamwamkia, nikamuuliza, akanieleza kwa subira kwamba injini ile inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na mafuta yakiwa na uchafu au maji, pampu na nozeli ndizo zinazoumia kwanza. "Mwanangu, wewe unakwenda vijijini. Chukua injini inayovumilia."

Kuhusu mafuta niseme kidogo, maana watu wengi huuliza muuzaji gari linakula kiasi gani, na muuzaji hana sababu ya kukuambia vibaya. Pima mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika namba ya kilomita kwenye dashibodi, tembea angalau kilomita 100, rudi kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita ulizoongeza ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita hizo. Mshale wa tangi usiutegemee hata kidogo. Nilikuwa na daftari la wanafunzi, na kila gari tuliloazima au kujaribu lilikuwa na ukurasa wake.

Gari nililolipenda kwa moyo wote lilikuwa Suzuki Every. Ni ndugu wa kirikuu, injini ya cc 660, urefu wa mita 3 na senti 40 tu, linaegeshwa popote. Lilinipa kilomita 15.2 kwa lita hapa mjini na barabara ya Arusha, na siku mbili nilikuwa nimeshaamua. Mume wangu ndiye aliyesema tulipandishe Marangu kwanza, tena na mizigo yote ya safari. Hilo lilituokoa.

Tulipima kila kitu kwenye mizani ya jirani anayenunua mahindi. Mbao za kitanda, godoro, madumu mawili ya maji ya lita 20, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, betri, kasha la barafu, nguo, na mkungu wa ndizi, kwa sababu hakuna Mchaga anayekwenda kwa dada yake mikono mitupu. Jumla kilo 212. Every linaruhusiwa kubeba kilo 350 likiwa na watu wawili, kwa hiyo kwa karatasi tulikuwa salama. Ila kutoka Himo kupanda Marangu lilikwenda kwa gia ya pili muda mrefu, injini inalia chini ya viti vyetu, joto linapanda mpaka kwenye mapaja. Siku hiyo ukurasa wake ukaandikwa kilomita 10.9 kwa lita. Halafu tairi zake ni za inchi 12, zinaingia kwenye kila shimo na kukupa taarifa. Gari hilo ni zuri kwa mtu mmoja au wawili wazima wanaotembea na begi. Kwetu lingefanya kazi kwa nguvu zake zote kila siku, na gari la namna hiyo halidumu.

Mwezi wa tano tukaenda Arusha, na kwenye yadi moja ya Njiro tukakuta Toyota TownAce ya mwaka 2012. Ni gari dogo, lina urefu wa mita 4 na kidogo, injini ya 3SZ ya cc 1500, ileile iliyomo kwenye Rush, tairi za inchi 14. Injini inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Muuzaji akaanza kunionyesha redio. Nikamwambia, "Kaka, samahani, naomba turuhusu tulale kwanza."

Alishangaa lakini alikuwa kijana mwenye adabu, akatufungulia mlango wa nyuma. Nilitoa mkeka na futi ya cherehani kwenye pochi. Siti ya nyuma ilikunjwa, nikapima sakafu: mita 1 na senti 95 mpaka migongo ya viti vya mbele. Baba Neema ana mita 1 na senti 78. Akavua viatu, akalala chali pale kwenye bati, juani, watu wa yadi wakitutazama, na akakaa hivyo dakika ishirini nzima kwa saa. Mimi nilikaa mlangoni nikimwangalia miguu. Mgongo ukimsumbua vidole vya miguu vinaanza kuchezacheza. Havikucheza. Alipoinuka, aliinuka upande, akashusha miguu, akasimama chini bila kushikwa mkono, kwa sababu sakafu ya gari lile iko chini kiasi. Hilo sikulipima kwa futi, na ndilo lililoniamulia.

Hatukulipa siku hiyo. Tulilijaribu kwa kulipandisha mpaka Ngaramtoni na kurudi, na siku ya pili fundi wetu alikuja na basi kutoka Moshi, akainua viti vya mbele maana injini iko chini yake, akaangalia oili, hozi na chesisi kwa tochi. Tulilipa milioni 18 na laki 4, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa SACCOS yetu ya walimu. Bei ile ilikuwa na ushuru wote. Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani akumbuke kwamba gari likishapita miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likipita 10 unaongezeka zaidi. Ile bei ya kwenye picha siyo utakayomalizia nayo bandarini.

Kitanda tulikosea mara ya kwanza. Seremala alikitengeneza kwa kimo cha senti 35 ili masanduku yaingie chini, na juu nikaweka godoro la senti 10. Ndani ya TownAce kuna kimo cha mita 1 na senti 30 hivi. Ukitoa 45 unabakiwa na 85, na mume wangu akikaa anahitaji 90. Usiku wa kwanza, Ziwa Chala, alishindwa kukaa wima kitandani. Alikuwa anainama shingo, na asubuhi maumivu yalikuwa yamehamia mabegani. Niliumia sana, kwa sababu hesabu hiyo ningeweza kuifanya kwenye daftari kabla msumeno haujagusa ubao. Tulirudi, kitanda kikashushwa mpaka senti 22. Masanduku marefu yakaachwa nyumbani, sasa tunatumia mabeseni mapana yenye mifuniko. Kwa hiyo anza na mtu aliyekaa, pima kutoka makalio mpaka utosi, ongeza godoro, toa jumla hiyo kwenye kimo cha ndani ya gari, kinachobaki ndicho kimo cha kitanda. Fremu imefungwa kwa boliti nne tu, inatoka ndani ya nusu saa gari likihitajika kwa kazi nyingine.

Vitu vingine ni vya kawaida: taa mbili za LED, paneli ya sola ya wati 100 juu ya kibebeo, vyandarua vilivyoshonwa sumaku kwenye pindo vinavyonasa kwenye fremu ya madirisha. Vyandarua hivyo ni lazima, maana madirisha mawili tunayaacha wazi vidole vitatu usiku kucha, hata Lushoto kwenye baridi ya Juni. Watu wawili wakipumua ndani ya kisanduku kile bila hewa, alfajiri vioo vinatiririka maji na godoro linanyevuka. Jiko halipikiwi ndani kamwe, na mtungi unalala nje. La mkaa hata kwa kuota baridi lisiingie, hewa yake ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, inaua watu wamelala.

Juni tulikwenda Lushoto. Kutoka Moshi hadi Mombo nilishikilia 80, na 50 vijijini, kwa ajili ya trafiki na kwa ajili ya mafuta pia. Tulisimama Same chini ya mwarobaini, Baba Neema akahamia nyuma, akajilaza, malori yanapita. Nilinunua chai kwa mama mmoja pembeni ya barabara na nilipomrudia alikuwa amelala usingizi wa kweli. Nikamwacha dakika arobaini. Kuanzia Mombo kuna kilomita 33 za kupanda na kona, gari lilipanda kwa gia ya pili na ya tatu bila kulalamika. Tulilala usiku mmoja karibu na Irente kabla ya kwenda kwa dada, kwa sababu nilitaka afike akiwa amepumzika.

Kwenda na kurudi ilikuwa kilomita 505, lita 38. Kilomita 13.3 kwa lita, milima ikiwemo. Siku hizi EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, nafungua daftari nafanya hesabu ya Dodoma. Desemba tunakwenda kwa Neema kupitia Babati na Kondoa, njia ya lami yote, na tumepanga vituo vitatu vya kulala chali kabla ya kufika. Kilichobaki ni turubai la pembeni la kutukinga na mvua tunapopika. Fundi turubai ameshachukua vipimo.