Kisiwa cha tofali kavu

Juzi binti yangu alikuta chaki kwenye mkoba wangu wa kazi, akaniuliza kwa nini natembea nazo wakati mimi si mwalimu. Nikamwambia ni za kupimia jiko. Jibu halikumtosha, na tangu hapo mawazo yangu yako Goba, Dar es Salaam, kwenye lile jiko ambalo kisiwa chake, yaani kaunta inayosimama peke yake katikati ya chumba, tulikijenga kwanza kwa tofali zisizo na saruji, ili mama mwenye nyumba akijaribu kabla hakijatengenezwa.

Kuta zilikuwa zimeshapigwa plasta, jamvi la zege la sakafu limekauka, marumaru bado. Huo ndio wakati wa kuamua mambo ya kisiwa, kwa sababu marumaru zikishalazwa, kila waya uliosahaulika unadai patasi. Mama alikuwa na picha kwenye simu: kisiwa cha sentimita 240 kwa 120, stuli nne, sinki na jiko la gesi juu yake. Chumba chenyewe cha jiko kilikuwa na mita 4.2 kwa 3.6, na makabati ya kina cha sentimita 60 yalishapangiwa kuta mbili zinazokutana konani. Ukiyaondoa hayo, sakafu inayobaki ni mita 3.6 kwa 3. Weka hapo kisiwa cha kwenye picha: ubavuni zinabaki sentimita 90 kila upande, nchani 60.

Tulianza kwa kukichora sakafuni kwa chaki. Lakini mstari wa chaki haumzuii mtu, anaukanyaga na kupita. Basi vijana wa kazi wakaleta tofali za inchi 6 zilizobaki kwenye uzio. Tofali moja lina kimo cha inchi 9, kwa hiyo kozi nne, yaani safu nne za tofali, ni inchi 36, sentimita 91 na ushee, karibu sawa na kaunta ya kawaida. Juu yake tukalaza mbao zilizotumika kumwagia lenta. Upande wa ukutani nikasimamisha boksi kuwa kabati, na kipande kingine nikakilaza mbele yake kuwa mlango wa oveni uliofunguliwa. Mlango huo ukishuka unakula karibu nusu mita ya njia.

Mama akachukua sufuria ya pilau, ile kubwa, tukaijaza maji hadi nusu. Akasimama mbele ya “oveni”, akainama kama anayetoa trei, akainuka, akageuka aitue kisiwani. Nyonga ikagonga tofali. Akarudi nyuma nusu hatua, kisigino kikaukanyaga mlango wa boksi, maji yakamruka mikononi. Hakusema kitu. Alirudia, safari hii akigeukia kushoto, na tofali likamgonga tena. Nilimwomba mdogo wake apite nyuma yake akiwa amebeba ndoo, na hapo wote wawili wakasimama wakitazamana, hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwenye njia ya sentimita 90 mtu mmoja anapita vizuri. Wawili wakifanya kazi, mmoja akiwa na kitu cha moto, unahitaji 105 na kuendelea. Mimi hupenda 120.

Wakati tunaondoa tofali upande mmoja, bibi akaingia kwa mlango wa uani. Tukamwamkia. Alizunguka kile kisiwa polepole, akishika mbao kwa kiganja, kisha akaniuliza:

“Na mbuzi yangu mimi nitaiweka wapi, mwanangu?”

Lilikuwa swali la kazi kabisa. Mtu anayekuna nazi ameketi chini anahitaji kama mita moja ya sakafu, awe na mwanga, asiwe kwenye mapito. Tukamletea mbuzi yake, akakaa karibu na mlango wa uani, tukapima kutoka magotini mwake hadi kwenye tofali. Nguvu ya kukishusha kisiwa kutoka 240 hadi 150 ilitoka hapo zaidi kuliko kwenye hesabu zangu zote. Upana tukaupunguza hadi 90: kabati 60, na granaiti ichomoze 30 kwa ajili ya magoti ya wanaokaa. Stuli zikabaki mbili, maana kila mkaaji anataka sentimita 60 za ukingo.

Mengine yalikwenda haraka. Sinki nilishauri libaki ukutani chini ya dirisha. Bomba la maji machafu linataka mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na katikati ya chumba hakuna ukuta wa kupandishia bomba la kupumulia; bila hilo, maji ya kwenye mtego, ile kona ya bomba chini ya sinki inayozuia harufu, yanaweza kunyonywa na harufu ya shimo ikapanda jikoni. Gesi nayo ikabaki ukutani na mtungi nje, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama chini. Kisiwani ukaenda waya tu, ndani ya bomba lake, kabla ya marumaru. Kabati likawa la ubao wa marine, plaiwudi inayostahimili maji, wa milimita 18, kwa sababu MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, ikinywa maji ya kudekia inavimba kuanzia chini, na chini yake tukaacha nafasi ya vidole vya miguu, kimo sentimita 10, kina 7. Granaiti ya sentimita 2 kwa ukubwa ule ina uzito wa kilo 70 na zaidi, hivyo pale inapochomoza tuliweka vyuma bapa vya kuibeba.

Kimo ndicho kinachonisumbua hadi leo. Mama ni mfupi. Alipojaribu kukanda unga juu ya kozi nne, mabega yalimpanda hadi masikioni. Tukaondoa kozi moja, tukapandisha kwa mbao hadi 85, sentimita kumi na kitu chini ya kiwiko chake, na mikono ikanyooka, chapati ikasukumika. Tukaifuata hiyo 85. Sasa vijana wake wamempita kimo, ndio wanaopika jioni, na wanalalamika mgongo. Nimempa njia mbili: ubao mnene wa kukatia wa mninga, sentimita 5, unaowekwa na kuondolewa, au kunyanyua granaiti na kuongeza kitako cha kabati, kazi ya watu wanne ambayo jiwe linaweza kupasuka. Anaelekea kwenye ubao. Vijana wanataka kitako. Bibi amesema chochote watakachofanya, wasisogee upande wa mlango wa uani.